Mkeka Usiofungwa Ukingo

Hamisi, mjukuu na mume wangu wa utani,

Assalaam alaykum. Hapa Msambweni tu wazima, alhamdulillahi, na mama yako amekwenda Kombani sokoni.

Waniambia ofisini wataka uchague kompyuta ya mezani ya mfumo uitwao Unix, nawe wasita kuchukua yenye nafasi za kuongezea kadi za kuipa uwezo zaidi baadaye, maana leo huna cha kuchomeka.

Nilipokuwa mwari nilishona mkeka wa harusi yangu kwa kili, ile mikanda isukwayo kwa majani ya mkindu, nikataka kuufunga ukingo. Shangazi akacheka: "We! Watoto utawalaza sakafuni? Uache wazi, utakuja kushonea kili nyingine za miyaa."

Niliona haya, nikauacha. Miaka ikapita hivyo hivyo, mkeka u wazi.

Mimi ningechukua yenye nafasi. Kili nilizokuja kuongeza ndizo alizolalia mama yako.

Mola akuongoze.
Bibi yako