Treni ya Kumurudisha Baba Salima

Siku ya tatu ya juma, hapa Naviundu, mu Lubumbashi. Mvua ya kwanza imepita sasa hivi, udongo inanukia, na mi niko pa mulango na chai yangu, kichwa iko mbali kabisa.

Iko mu njia ya Likasi.

Natumika ku reli, na kesho njo nitasema mbele ya bakubwa ba kazi treni gani itabeba bantu kati ya Lubumbashi na Likasi. Iko mbili tu. Ya kwanza ni otorai, treni fupi yenye moteri ndani yake, madirisha makubwa, mbio sana. Ya pili ni lokomotivi ya kuvuta mawago, mabehewa ya bantu, na wago moja ya mizigo. Ile inaenda leo, inarudi kesho.

Niseme ukweli: otorai naipenda. Bwana yangu anafundisha Likasi, anarudi nyumbani mwisho wa juma tu. Na otorai angerudi kila mangaribi. Naiota hata nikiwa macho: taa yake inatokea mu majani, yeye anashuka na vumbi ya chaki ku shati, anamubeba mutoto. Mwisho wa juma iliyopita mutoto wetu Salima alimuita "tonton", kama mujomba. Baba yake mwenyewe! Bwana yangu alicheka, kisha akaenda kunawa uso, akakawia kule.

Banasema haraka haraka haina baraka. Mi nilitaka haraka, baraka ingetufuata nyuma.

Lakini jana nilienda kuangalia gare, stesheni ndogo za njiani. Bamama bako pale pembeni ya reli na mifuko ya makala ya kupikia, ya mihogo, na mabeseni ya nyanya. Mumoja akaniuliza, "Ile treni mupya, mizigo itaingia wapi?"

Nikapima mufuko yake na macho. Mu otorai haina nafasi, na moteri yake haiwezi kuvuta wago ingine mu milima. Mama asiyepanda na mufuko yake, apande kwenda kufanya nini?

Leo nimeandika mu rapoti ya kesho: lokomotivi.

Nikamupigia bwana yangu simu. "Baba Salima, nimechagua ile ya polepole. Bale bamama bangebaki njiani."

"Umefanya vizuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na sisi, Mama Salima?"

Kesho bakubwa bataniuliza mengi, juu ya moteri, juu ya reli, na nitajibu yote. Leo nikamupa Salima simu, nikamuambia, "Sema: baba."