Tumbo baridi, chakula ya tantine

Siku ya kwanza, 6 mwezi wa kumi
Sijaambia muntu yeyote: tangu juma moja sikuli chakula ya kumangaribi, ile ya usiku. Sketi ya shule haifungi tena. Kwenye telefone kuna daktari mumoja wa Korea, maandiko ya Kifaransa yanapita chini. Anasema tumbo ni kama mbabula, jiko ya makala: ukiijaza bila kupumuzisha, moto unakufa. Saa kumi na sita bila kula. Njaa inakuja kama mugeni, inaongea weee, inaenda.

Siku ya tatu, 8
Daktari anasema bantu wako aina ine. Bamoja tumbo moto, bengine baridi. Unajua kwa mikono. Darasani nikashika mikono ya rafiki yangu Nadège, nilinganishe. Akapaza sauti: « Unataka kunioa? » Wote wakacheka. Haya ilinishika! Lakini yake moto, yangu baridi. Maana yake nini? Megabaiti zimeisha kabla ya jibu.

Siku ya tano, 10
Tantine Mado, dada ya baba, alitoka Likasi kutupikia. Hana mutoto, na bajirani banasema eti analoga batu kwa chakula. Leo tena nikasema nimeshiba. Akachukua sahani yangu, akakata tonge ya bukari, akachovya kwenye majani ya sombe, akameza mbele yangu. Akaningojea. Sikuelewa.
Kisha nikaelewa. Anaonyesha hakuna sumu. Anafikiri namwogopa.

Siku ya posho (jumamosi), 11
Tantine amefunga sanduku. Kesho Likasi. Baba ameniuliza kama namushuku dada yake. Kusema nataka kupungua, mbele ya baba? Afazali kufa.
Nimenunua megabaiti. Jibu: wa tumbo baridi asifunge. Ale kidogo, cha moto, na tangawizi. Nimejitesa bure.

Siku ya yenga (jumapili), 12
Kabla ya misa niliingia kwenye jiko, nikasema yote. Sketi, Korea, mikono. Tantine akanyoosha mikono yake niishike: « Na miye? » Moto kabisa. « Basi, miye njo wa kufunga. Weye ukule, mama. » Tukakula bukari ya jana, sahani moja. Sanduku amerudisha chini ya kitanda.
Sikusema yote. Siku ya tano, wakati alikuwa anameza, nilimuangalia koo, kama inameza kweli. Dakika moja tu. Nilijiuliza kama bajirani banasema kweli.
Nasikia miguu yake kwenye korido. Naficha daftari