Mfuko wa Koti Uliofungwa kwa Uzi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini cherehani haikusumbui tena na goti limepata nafuu. Mimi mzima, na leo nina la kujisifu: kibali cha kazi nimepata. Cha miaka mitatu.

Unakumbuka uliniapisha nisitembee na pasipoti bila kuufunga mfuko wa koti kwa uzi? Siku ya kupeleka maombi, viza yangu ya masomo ilikuwa imebakiza siku mbili. Wenzangu walikuwa bado wanasubiri vyeti vya mahafali. Mimi nikaenda na barua ya chuo kwamba nimemaliza. Karani akaisoma, akasema, “Hii inatosha. Pasipoti?”

Nikaanza kukata uzi kwa meno, foleni nzima inacheka. Karani akanipa mkasi.

“Nani kakufundisha haya?”

“Shangazi. Ni fundi wa nguo.”

Akagonga mhuri huku anatabasamu, kisha akanionya kwamba nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yanafutwa.

Ndiyo maana sikuja kumzika baba. Nilikudanganya kwamba nimekosa tiketi, nisamehe. Lakini ni yeye mwenyewe, kaka yako, aliyenipigia kutoka kitandani kabla hajafariki: “Ukija bila hicho kibali, usinisogelee.”

Sasa ninacho, na natoka na kurudi nitakavyo. Kazi ya maabara naanza mwezi ujao. Jumamosi natua. Njoo uwanja wa ndege na mkasi, tupitilize hadi kaburini. Mfuko wenye kibali nimeufunga mara mbili, nitaufungua mbele ya baba.

Mtoto wa kaka yako