Koleo Langu Limestaafu, Mimi Bado

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla jua la kesho halijatoka, maana mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Tokamachi, mji wa theluji nyingi, moyo wangu umechoka na daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba maua ya masika sitayaona, nami nililipokea hilo kwa utulivu hadi theluji ilipoanza, ikaanguka mfululizo, ikafika dirishani, na mimi niliyeshindwa kumaliza hata bakuli la wali nikajikuta kitandani nikicheka peke yangu kama mtoto.

Paa letu nimelipakua theluji tangu ujana, lisije likavunjika kwa uzito, nami nikipanda bila kamba, na hakuna alijuaye kama mimi. Sasa naishi na Sayo, mjane wa mwanangu. Jana nilipomuuliza koleo langu la theluji liko wapi alisema, "Baba, koleo lako limestaafu. Nawe tulia." Jirani yetu Igarashi akapita nje akapaza sauti, "Mwalimu, paa lako limevaa kofia mbili, au unangoja livunjike shingo?"

Maneno hayo yamenichoma, na nakiri kwako kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia: leo Sayo alipokwenda dukani nilitoa ngazi, nikapanda hadi nusu, nikauona mlima wote mweupe, moyo ukapiga ngoma, nikashuka kabla hajarudi. Kesho anakwenda mjini, redio inasema jua litawaka, na chini ya ukingo wa paa Sayo amekwisha kuondoa theluji yote hadi zege linaonekana. Nataka kupanda mara moja tu, kisha nife nikipenda. Nimwambie, au ninyamaze?

Mwalimu Honma

*

Mwalimu Honma, furaha yako imenifikia hadi huku, na nimecheka nawe. Sasa nisikilize.

Sayo amekwisha kumzika mume. Unataka arudi na mfuko wa mboga akute miguu yako imechomoza kwenye theluji? Jua unalolingoja ndilo baya: theluji ikilainika huachia bati, ikashuka yote pamoja na aliye juu yake. Wewe ni mwenyeji, unalijua hilo. Hamu imekufumba macho. Na ile theluji ya chini ya paa ingekupokea kama godoro. Sasa utapokewa na zege.

Lakini sitakuambia ulale. Umesema hakuna alijuaye paa hilo kama wewe, tena unajivunia. Si jambo la kujivunia, Mwalimu. Theluji ya mwakani nani atapanda kuiondoa? Sayo, peke yake, bila kufundishwa.

Mwambie yote leo, na nusu ngazi uliyoipanda. Ngazi yenyewe mpe Igarashi akaifiche kwake. Ngojeni asubuhi ya baridi yenye mawingu, Igarashi apande pamoja na Sayo. Ulimi anao, basi na mikono ailete. Kofia ngumu kichwani, kamba kiunoni, ifungwe imara upande wa pili wa paa, ngazi nayo ifungwe. Wasikwangue hadi bati. Waache theluji kiasi cha kiganja, unyayo upate pa kushika. Wewe keti uwanjani, mbali na ukingo wa paa, na blanketi, filimbi mdomoni. Hapandi mtu bila wa kumwangalia chini, na huyo ni wewe. Sayo akisahau kamba, puliza.

Kisha akifika juu, tega sikio. Ukimsikia anacheka peke yake, mlima ameuona.