Pipa la Perege

Kijiji cha Misima, Handeni
12 Januari 1975

Mwanangu Zuena,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo huko Korogwe? Masomo ya uuguzi yanakwendaje? Huku mimi na mjukuu wangu Rehani tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa jua halina huruma hata kidogo.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke. Mwalimu wa elimu ya watu wazima anasema herufi zangu zinapepesuka. Nimemjibu kwamba hata mtoto huanza hivyo hivyo, tena bila kutukanwa.

Mzigo wako umefika. Paulo kondakta ameshusha debe huku akinung'unika kwamba samaki wako wewe mkwe wangu wamemlowesha suruali njia nzima. Wachache walikufa. Waliobaki nimewatia kwenye pipa uani, na juu ya pipa nimeweka sanduku la mbao lenye matundu, limejaa kokoto, kama ulivyonichorea. Nachota maji ya samaki kwa kopo, namwaga juu ya kokoto, yanachuruzika na kurudi pipani. Mara ya kwanza sikuziosha kokoto, maji yakawa uji mtupu, ikabidi niyamwage yote nianze upya. Na kisima chenyewe unajua kilivyo mbali.

Mbegu za mchicha nimekwishazitia. Mboga bila udongo, Zuena! Jirani yangu Fatu anauliza kama nikipanda mawe nitavuna changarawe.

Miguu ya Rehani bado imevimba. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nakueleza mimi mwenyewe kwa sababu ukiambiwa na mtu mwingine utakuja kumchukua. Usimchukue. Tangu mwanangu Sadala, mumeo, atutoke, na tangu tuhamishwe kutoka kule kwetu Kwedizinga, sina kingine kilichobaki mkononi.

Mama yako,
Mwanaidi


Korogwe
21 Januari 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko unavyofikiri. Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio hautulii. Mwambie Rehani mama yake anamsalimu, hata kama hataelewa.

Mama, kuvimba kule ni upungufu wa chakula cha kujenga mwili. Unga wa njano wa msaada unashibisha tumbo tu. Anahitaji samaki, anahitaji mboga, na mimi toka hapa siwezi kumletea kila siku. Ndiyo maana nilipoliona pipa la namna hii kwa Bwana Simeo, anayefuga samaki karibu na bweni letu, nilimsumbua mpaka akanifundisha. Anasema wape pumba kidogo tu. Ukiwaona wanapandisha midomo juu, wanakosa hewa, wamwagie maji kutoka juu.

Neno moja usilipokee vibaya. Namaliza mafunzo mwezi wa nne. Kama miguu haijapungua, nitakuja kumchukua, hata kama itabidi alale nami chini bwenini. Najua wewe ndiye unayemlea. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mwanao,
Zuena


Misima
9 Februari 1975

Zuena,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira. Kwani Sadala nilimwokota? Uchungu wa mwana naujua, na wa kumzika naujua pia. Basi, yamekwisha.

Mchicha umeota! Umekuwa mwingi, wa kijani kweli kweli, na Rehani ameshaula mara kadhaa. Watu wanakuja kuchungulia. Fatu sasa hacheki, anaomba mbegu. Ila mwenyekiti wa kijiji alikuja na kuniuliza, "Mama, samaki wanakunywaje maji na watu wana kiu?" Nikamwambia, "Hawayanywi, wanakaa ndani yake. Tena nimeyabeba kwa kichwa changu, si chako." Akaondoka. Lakini neno lake limenichoma, na tangu siku ile sipotezi hata tone. Maji ya kusuuzia vyombo, maji ya kuoshea mboga, yote naongezea pipani.

Unga wa dukani umekwisha. Fatu amechimba mihogo kwenye shamba lililoachwa nyuma ya shule, imejiotea yenyewe, hajui aliyeipanda. Amenipa kikapu. Kule Kwedizinga kila shina la muhogo nililijua lilikotoka. Huku mimi ni mgeni hata mbele ya mihogo. Lakini ni minono na myeupe. Nimeimenya jioni hii na kuiloweka isiwe myeusi. Kesho maji yake nitawapa samaki, mihogo nitamchemshia Rehani. Unajua anavyoipenda.

Mama yako,
Mwanaidi


Korogwe
17 Februari 1975

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi habari nyingine.

Usimpe Rehani ile mihogo. Na wewe usile. Nilimsomea Bwana Simeo barua yako tukicheka habari ya mwenyekiti, na nilipofika kwenye mihogo akaniambia niache kusoma. Akasema mihogo isiyojulikana aliyeipanda huenda ni michungu, na maji ya mihogo michungu yanaua samaki, na kama yanaua samaki, je, mtoto mdogo ambaye mwili wake umeshadhoofika?

Wewe uliandika "kesho." Hiyo kesho ilipita zamani, barua ikiwa bado iko njiani.

Nampa Paulo barua hii sasa hivi. Nirudishie neno moja tu, hata kwenye kipande cha mfuko wa sukari.

Zuena


Korogwe
26 Februari 1975

Mama,

Shikamoo. Sijui kama ile barua ilikufikia. Paulo sijamwona tena. Wanasema basi lao limevunjika springi, limelala njiani. Jibu lako halijaja, na mimi najiambia ni kwa sababu ya basi. Mchana naliamini hilo.

Nimeomba ruhusa, nimeambiwa nisubiri mtihani wa Ijumaa ya wiki ijayo. Nikimaliza, nakuja, kwa basi au kwa miguu. Kila mtoto anayeletwa wodini namtazama uso kwanza kabla sijauliza jina lake.

Mama, ninaogopa sana. Kama kuna jambo, usinifiche.

Mwanao,
Zuena


Misima
27 Februari 1975

Mwanangu Zuena,

Rehani ni mzima. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe. Sasa hujambo?

Barua yako ya mihogo imenifikia leo, kwa mpita njia wa baiskeli. Nimeisoma nimekaa chini. Yale uliyoyaogopa yalikuwa mlangoni kweli, yakarudi.

Asubuhi ile niliyamwaga maji ya mihogo pipani, kama nilivyokuandikia, nikabandika sufuria. Rehani alikaa karibu na moto, mkono tayari. Nikaenda kuchota maji ya samaki ninyweshe mchicha. Walikuwa wanapandisha midomo. Nikakumbuka maneno yako, nikawamwagia maji kutoka juu, tena na tena. Haikusaidia. Mmoja akageuka tumbo juu, halafu mwingine, halafu wote, Zuena, wote. Nikasimama na kopo nikiwalilia kama mjinga. Ndipo nikajiuliza: jana walikuwa wazima, leo wamekula nini kipya? Nikageuka, nikamwona mtoto anapuliza kipande cha muhogo ili kipoe.

Nilimpiga mkono. Sijawahi kumpiga. Kipande kikaanguka majivuni, akalia, nikalia. Kisha nikakimbia kwa Fatu, sina hata kanga kichwani. Wanawe walikuwa wameshanawa mikono. Sufuria yake niliimwaga kwa mguu, na alikuwa amekwishafungua mdomo anitukane, tukasikia mbuzi wake analia nyuma ya nyumba. Alikuwa amekula maganda ya mihogo ile. Hakufika adhuhuri.

Kwa hiyo perege wako hawakuliwa, lakini nisimsikie mtu akisema wamepotea bure. Nimewafukia kwa heshima. Mchicha nimeung'oa wote, kokoto nimeziosha na kuzianika juani. Mbuzi wa pili wa Fatu ananyonyesha, na kila asubuhi Fatu analeta kikombe cha maziwa, anamnywesha Rehani mwenyewe, hataki shukrani. Jana muuguzi wa zahanati alibonyeza miguu ya mtoto. Shimo halikukaa.

Lakini mimi silali. Kila ninachokitia chunguni nakitazama kama mwizi. Kule kwetu nilijua jani la kula na jani la kuacha. Huku sijui. Wewe ulisema kweli. Njoo umchukue mwanao, mpaka nitakapoijua ardhi hii. Nguo zake nimeshazifua.

Bibi yake Rehani,
Mwanaidi


Korogwe
6 Machi 1975

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Basi limepona na barua yako imefika. Nimeisoma kwa sauti bweni zima, na wenzangu wamekulilia na kukucheka.

Nakuja Jumamosi. Nitaleta dagaa na maharage. Bwana Simeo amenipa perege wengine wadogo, na safari hii nitawashika mwenyewe ili Paulo asilalamike. Nimetafuta kitambaa kizuri cha kufunikia mdomo wa debe wasiruke, sikupata kingine isipokuwa mbeleko. Kwa hiyo, mbeleko ya kumbebea Rehani nirudi naye sitakuwa nayo.

Zile nguo zirudishe sandukuni.

Mwanao,
Zuena