Kipande cha Nyasi za Silver Spring

Silver Spring, Maryland
26 Oktoba, 2008

Mpendwa mwanangu Sebastian,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani, mwanangu? Kifua kimepona, au vumbi la kiangazi bado linakukohoza? Mjomba wako alisema ugali sasa unaumaliza, ila dagaa unawatazama kama vile wao ndio watakaokula wewe. Mimi na mdogo wako Queen tu wazima wa mwili. Ya moyo tuyaache kwanza.

Najua barua hii huisomi mwenyewe. Kiswahili chako ni cha masikio tu, kwa hiyo anayekusomea ni Mjomba Dunstan, na ile miwani yake iliyofungwa uzi. Shikamoo, kaka. Nakuomba jambo moja. Nakujua tangu utotoni: ukifika penye uchungu unaruka, unasema, "Hapa ni salamu tu." Leo usiruke hata mstari.

Seba, ulipopiga simu mwezi uliopita hukuuliza wakili amesema nini. Hukuuliza hata kama nimekula. Ulisema, "Mama, just tell me, kwetu pakoje sasa?" Halafu kadi ikaisha, nikabaki na simu sikioni. Neno "kwetu" lilinichoma, maana wewe uko Mbinga, na Mbinga ndiko kwetu. Baadaye nikakuelewa. Nilikuleta huku una miaka mitatu, unalia kwa sababu ya soksi. Tangu hapo mpaka siku ile polisi walipokusimamisha ng'ambo ya mto kwa taa mbovu ya nyuma ya gari, wakakuomba karatasi usizokuwa nazo, hukuwa umelala mji mwingine wowote duniani.

Basi leo baada ya misa nikavaa viatu vya kazini, nikamshika Queen mkono ingawa siku hizi hataki kushikwa, tukaenda kukuangalizia mji wako.

Tulianzia stesheni, kama wewe ulivyozoea. Treni bado inapita juu ya daraja na kelele zake zilezile, na wale wazee wa Kihabeshi bado wanauziana maneno nje ya duka la kahawa. Ukishuka Georgia Avenue, duka la vyakula vya kwetu lipo. Mzee Kamande bado anauza unga wa sembe kana kwamba anauza dhahabu, na bado ananiuliza, "Honorata, kijana wako anarudi lini?" Namjibu kwamba mambo yanashughulikiwa. Leo nilinunua mafuta tu nikatoka haraka.

Sinema ya zamani ipo, na kile kibao chake cha taa kinachotokeza juu ya njia. Ulipokuwa mdogo ilikuwa gofu limefungwa, njiwa wanaingia na kutoka watakavyo. Wakalisafisha, wakapaka rangi dari, wakarudisha hata michoro ya ukutani ya miaka ya elfu moja mia tisa thelathini. Nilisimama mbele yake, Seba, hasira zikanipanda pale pale barabarani. Jengo lililokufa miaka mingi wamelihurumia wakalifufua, lakini kijana mzima wa miaka ishirini na miwili hawakuona sababu ya kumwacha. Queen alinivuta mkono, akasema watu wananitazama.

Ule mgahawa wa bati wenye umbo la behewa uko palepale walipouhamishia. Unakumbuka siku walipoupakia mzimamzima juu ya lori? Ulikimbia pembeni ukipiga makofi, nami nikasema, nchi hii kweli ina akili, wanahamisha mgahawa bila kumwaga chai. Leo nimewaza nani angenikodishia lori kama lile. Ningepakia nyumba yetu na wewe ndani yake, nisimwage kitu. Mawazo ya kipuuzi, najua, lakini ndiyo yanayonijia siku hizi.

Tulipita pia kwenye kile kibustani chenye kibanda cha nguzo na paa la duara kama kofia. Pale ndipo ilipokuwa chemchemi iliyoupa mji huu jina. Bado pakavu. Ulipokuwa na miaka mitano ulichungulia mle shimoni ukaniuliza maji yameenda wapi. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nikakujibu yamekwenda kwa bibi. Uliridhika kabisa, ukalala mgongoni kwangu hadi nyumbani.

Sasa nyasi. Kaka, soma taratibu hapa.

Zile nyasi za plastiki za katikati ya mji zimeng'olewa, mwanangu. Nilikuwa wa kwanza kuzicheka walipozitandika. Nilisema nchi hii imekosa nini mpaka ipande plastiki? Lakini ninyi mlizipenda, na siku ya jua ungekuta nusu ya vijana wa Afrika Mashariki wamelala chali pale, Mkenya kwa Mtanzania kwa Mkongo, wewe na Queen mkirushiana mpira. Sasa wamezungusha uzio. Udongo mtupu, mabomba na mashine. Wanasema watajenga uwanja wa heshima, na mahali pa kuteleza juu ya barafu. Queen alishika uzio akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia siku walipokuchukua. Wiki walipoanza kuzing'oa alimwomba fundi mmoja kwa Kihispania cha shuleni, yule baba akamkatia kipande. Ameniambia nikutumie. Kimo humu ndani ya bahasha, ukubwa wa kiganja. Kaka, angalia mbuzi wako wasikipate.

Hilo ndilo la kwanza kati ya niliyokuwa naogopa kukuandikia. Yamebaki mawili.

La pili ni la wakili. Nimekwenda kwake tena Jumanne, nimekaa kwenye kiti kilekile. Amesema hakuna njia. Miaka kumi hawataki hata kuliona jina lako, na baada ya hiyo kumi utaomba upya kama mtu wasiyewahi kumjua, nao wanaweza kukataa. Nilimwuliza mara tatu kwa maneno tofauti. Jibu likawa lile lile. Kwa hiyo huyo anayekuambia huko kwamba serikali ikibadilika mwezi ujao utarudi, usimsikilize. Anakupenda, lakini hajui.

Utasema, basi njoo wewe, mama. Nikitoka hapa, Seba, na mimi sirudi. Karatasi zangu ni kama zako. Queen ana miaka kumi na mmoja. Kumwacha siwezi. Nikija naye, nitakuwa nimemng'oa mtoto kwenye mji wake nikampeleka kwa dagaa na vumbi asivyovijua, yaani nimfanyie yeye walilokufanyia wewe. Nimeligeuza hili jambo usiku na mchana mpaka kichwa kinauma. Kila upande ninaogeukia kuna mtoto wangu analia.

La tatu ni la nyumba. Jengo letu limeuzwa. Lile lenye matofali mekundu, lenye ngazi uliyong'olea jino. Mwenye jengo mpya anataka kubomoa ndani awauzie wenye nazo, na wapangaji wote tunatoka kabla ya Krismasi. Serah, yule Mkenya ninayefanya naye kazi, ametupa chumba cha chini kwake Wheaton, dirisha lake liko usawa wa majani. Kitanda chako nimempa jirani. Mjomba aliniambia kwamba unatembea na ufunguo wa hapa mfukoni, na ukilala unauweka chini ya mto. Mwanangu, mlango wa mbele wameshabadilisha kitasa. Ufunguo huo haufungui tena kitu.

Umesoma, kaka? Asante.

Nimekata tamaa, sitakuficha. Watu kanisani wananiambia Mungu ana mpango wake, nami naitikia amina, lakini nikifika nyumbani namwuliza mpango gani huu. Kule kazini kuna bibi mmoja ninayemwogesha kila asubuhi. Kila asubuhi ananiuliza kama mwanawe amekuja. Anaye, yuko Falls Church, si mbali hata kidogo kwa gari, na haji. Mimi wangu angekuja kwa magoti. Namsugua yule bibi mgongo huku machozi yananitoka, naye ananiuliza kama sabuni imeniingia machoni.

Tazama ilivyotugeukia, Seba. Wewe uko kwetu, mimi niko kwenu. Niliondoka Mbinga nikiwa na umri kama wako sasa, na huko nako sitarudi kupaona. Mama yangu alizikwa mimi sipo. Nitafia huku, kwenye mji wako, nikiwatazama wanavyokubomolea kipande kwa kipande.

Kwa hiyo nakuomba. Mimi nimekuonesha mji wako kwa miguu yangu, sasa nioneshe wangu. Mjomba ananiambia huu ni mwezi wa nne unakaa umeegemea ukuta, uso barabarani, begi limefungwa. Amekupigilia misumari minne ukutani utundike nguo, yote mitupu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kaka yangu ana huruma kupita kiasi, hata jembe hajakuonesha. Inuka utembee. Nenda nyumba ya bibi, ile yenye msingi wa mawe aliyoyabeba babu mwenyewe. Angalia kama dirisha la upande wa jikoni bado lina ubao usiofunga, pale tulipokuwa tukichungulia wageni. Panda mlimani uone mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Mvua zikianza yanapendeza sana. Ingia kanisa la misheni, utazame juu, uniambie kama mbao za dari bado ni zile nyeusi. Mweleze Irene, binti wa mjomba, kwa Kiswahili chochote ulichonacho, naye ataniandikia.

Nisalimie Mama Irene, umwambie asichoke nawe. Nisalimie Irene mwenyewe, na wote wa nyumba ya Mzee Ezekiel walioleta ndizi siku ulipofika. Queen anasema amekuwekea ule mto wako wa bluu, hataki mtu mwingine aulalie. Mungu aliyemlinda Yusufu ugenini akulinde nawe, hata kama ugeni wako ni nyumbani kwa mama yako.

Jambo la mwisho. Nyuma ya nyumba ya bibi, ukishuka migombani, kuna chemchemi. Hapo ndipo nilipochota maji tangu nilipoweza kubeba kibuyu. Sijui kama ipo. Kesho tundika shati moja msumarini, moja tu, kisha ushuke ukaangalie. Ukiyakuta maji, ujue mama yako siku ile hakukudanganya.

Mama yako akupendaye, niliyebaki kwenu,

Honorata