Lakica, Baipasi na Shangazi wa Lubaga

Jumapili, 7 Septemba

Lakica wangu ameposwa! Hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate. Wangila, yule Mkenya wa duka la rangi Ntinda, anataka kuleta watu wake kwetu. Binti yangu, anayefanya kazi maabara. Baba yake, polisi, alifariki Lakica akiwa bado shule ya msingi. Mimi na nguo za watoto ninazouza pale soko la Owino ndio tumemfikisha. Nimewaambia mstari wetu wote wa vibanda. Monique wa soksi amesema ameshasikia. Atasikia tena.

Nimempigia pia Nerima, shangazi wa Wangila, ndiye aliyemlea. Anakaa Lubaga, karibu na kazini kwa Lakica. Sisi kwa mila yetu mama wa msichana haendi kwa wakwe kabla hawajaja, kwa hiyo simu tu. Nikamsifia mtoto wangu: ana pikipiki yake mwenyewe, ya umeme, haina moshi. Anatoka hapa Kyebando, anaingia baipasi, ile barabara ya kasi ya nje ya mji, chai aliyoacha mezani haijapoa na yeye yuko Lubaga.

Nerima akauliza, "Baipasi?"

Nikasema ndiyo, anapaa.

Jumanne, 9 Septemba

Wangila alikuja jioni, akaketi pembeni kabisa ya kiti. Shangazi amekubali ndoa, pikipiki amekataa. Hataki mke wa mtoto wake aokotwe baipasi chini ya lori. Iuzwe kabla wageni hawajaja.

"Baipasi amesikia kwa nani?" Lakica akauliza.

Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Lakica hakupandisha sauti. Alimwambia kama anayeoa ni shangazi, basi aje shangazi. Pikipiki haiuzwi. Wangila alimaliza chai, akaaga vizuri, akaenda.

Baadaye ndipo Lakica akaniambia baipasi hapiti, labda siku amechelewa. Kumbe! Kule baipasi ukikimbia, betri inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mjini, ukikwama kwenye jam, betri imetulia tu, na kwenye mteremko inajirudishia kidogo. Iliniuma kiasi. Tangu mwaka jana Owino wanajua mtoto wangu ni wa baipasi. Njia ya mjini, ya Wandegeya, hata muuza ndizi anapita.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikufungua kibanda. Nilimwambia Lakica anipakie nyuma, nione njia zote mbili kwa macho yangu. Akanivalisha helmeti.

Asubuhi baipasi. Bwaise, Kawaala, Namungoona, mpaka Busega, halafu unarudi kupanda Lubaga. Kumbe ni kuzunguka. Lami nzuri, upepo mwingi, kitenge changu kilitaka kubaki Kawaala. Malori yanapita karibu, unasikia joto la tairi zake kwenye goti. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa tumefika, na betri ilikuwa karibu nusu.

Nilimngoja uwanja wa kanisa mpaka atoke kazini. Duka la ushonaji la Nerima naliona kabisa upande wa pili wa barabara. Sikuvuka.

Jioni mjini. Mengo, Namirembe, tukateremka, tukapanda, tukasimama. Wandegeya tulisimama sana. Dereva wa boda akamwuliza Lakica, "Sista, hiyo pikipiki au pasi? Mbona hailii?" Lakica akamjibu, "Lete shati nikupigie." Wote wakacheka, hata mimi. Betri haikushuka sana. Lakini tulipofika Kalerwe, mwanamke mwenye kapu la nyanya alishuka barabarani bila kugeuka. Hakutusikia. Pikipiki hii haina sauti. Lakica akafunga breki, akaita, "Mama, niko nyuma yako!" Akaniambia kila siku anaita hivyo, mpaka koo linakauka.

Kwa hiyo baipasi wewe unaogopa lori. Mjini watu hawajui kama upo. Hakuna njia hata moja niliyoweza kuisifu kwa Nerima.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nilimpigia Nerima. Nikamwambia mtoto anapita mjini, polepole.

"Kwa hiyo ulinidanganya, Mama Lakica."

"Sikukudanganya, dada. Nilisifu."

Alicheka, nikadhani yameisha. Halafu akasema: siku ya wageni yeye hapandi gari na wenzake. Lakica aende amchukue Lubaga kwa hiyo pikipiki. Yeye mwenyewe akifika Kyebando akiwa ametulia, hatasema neno tena. Akifika anatetemeka, pikipiki ibaki kwetu na msichana abaki nayo.

Nikasema sawa. Ulimi wangu huu.

Jumatano, 17 Septemba

Ocaya amekuja, ndugu wa marehemu baba yake Lakica, ndiye atakayetusemea mbele ya wageni. Amekasirika. Siku hiyo msichana anakaa chumbani, haonekani mpaka aitwe na kuulizwa kama watu hawa anawajua. "Sasa huyu atatokea barabarani na mkwe mgongoni? Nitauliza nini? Unamjua uliyembeba?"

Nikamwambia huyo shangazi haji asipochukuliwa. Ocaya akasema basi asije. Lakica alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamwambia, "Baba, nitamleta, nitaingia chumbani kwa mlango wa nyuma, na utaniita kama kawaida." Ocaya hakukubali, hakukataa. Aliomba ugali zaidi.

Ijumaa, 19 Septemba

Kuku wamechinjwa. Viti vya kanisa vimefika. Monique ameleta vitambaa vya meza, na leo yeye ndiye anayewasimulia majirani habari za pikipiki.

Lakica anafuta kioo cha helmeti ya pili. Nimemwuliza atapita wapi na Nerima. Amesema atamwuliza mwenyewe: mama, unataka upepo au unataka watu?

Ocaya amepiga simu, atafika mapema aone huyo msichana atakaa chumba gani. Wangila hajapiga. Betri iko kwenye chaji jikoni, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Wote wanakuja kesho, Jumamosi.